Sura ya Tano: Rangi Juu ya Dawa

Kila Desemba, magari yanayotoka Nairobi kupitia Thika, Matuu na Mwingi huwashusha Nuu, katika Kaunti ya Kitui, watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi, na saluni za sokoni hazipumziki. Wapo waliokuja kusukwa, wapo wa ritachi, na wapo wasichana waliotoka kufanya mtihani wa kidato cha nne wiki chache zilizopita. Hawa wa mwisho wana hamu ya pekee. Shule nyingi za sekondari za umma nchini Kenya huwataka wasichana wawe na nywele fupi, kwa hiyo ni baada ya shule ndipo msichana anapopata nafasi ya kufuga nywele zake, kuzitia dawa zinyooke, na kuzipaka rangi aliyoiona kichwani mwa binamu aliyetoka mjini.

Ombi lenyewe huwa fupi: "Dada, niwekee dawa, halafu unipake na rangi." Mambo mawili, kiti kimoja, siku moja. Msusi akikubali bila kuuliza chochote, mteja anaweza kutoka pale akipendeza, akapigwa picha za sikukuu, na kufikia katikati ya Januari akawa anaokota vipande vya nywele kwenye mto na kwenye kitana.

Je, nywele zilizotiwa dawa zinaweza kupakwa rangi bila kuharibika? Zinaweza, lakini si kila rangi, si siku yoyote, na si kila kichwa. Jibu linategemea mambo matatu: dawa ilifanya nini ndani ya unywele, rangi inayotakiwa inafanya kazi gani, na unywele umebakiwa na nguvu kiasi gani kati ya hizo mbili. Mwanamke anayeyaelewa hayo matatu hahitaji kubahatisha.

Kilichotokea siku ya dawa

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nje una magamba membamba yaliyolaliana kuelekea nchani, na kazi yake ni kulinda kilichomo ndani. Ndani kuna kiini, ambacho ndicho kinachobeba nguvu ya unywele pamoja na chembe za melanini zinazoupa weusi wake. Nyuzi za keratini katika kiini zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo ni imara. Maji hayavifungui na joto la draya haliviondoi. Ndiyo maana nywele za Kiafrika zilizonyooshwa kwa draya hurudi kwenye msokoto wake mara tu zinapolowa.

Rilaksa, ndiyo dawa yenyewe, imetengenezwa kuvishambulia vifungo hivyo. Ile ya mkebe mkubwa inayotumiwa na saluni nyingi ina sodiamu haidroksaidi, ndiyo kostiki soda ya watengenezaji sabuni, iliyochanganywa na krimu. Ile ya boksi, inayotangazwa kama "no-lye", huja na sehemu mbili: krimu yenye kalsiamu haidroksaidi na maji ya guanidini kabonati. Zikichanganywa huzaa guanidini haidroksaidi, na hiyo ndiyo inayonyoosha. Aina zote mbili hugeuza sehemu ya vifungo vyenye salfa mbili kuwa vifungo vipya vyenye salfa moja, viitwavyo lanthionini. Wanakemia hukadiria kwamba karibu theluthi ya sistini, asidi ya amino inayobeba vifungo hivyo, hugeuka kwa njia hii. Badiliko hilo halina marejeo. Hakuna mafuta, tritimenti wala mayai yanayoweza kuirudisha lanthionini ilikotoka.

Ukali wa dawa hizi unaeleweka vizuri ukiutazama kwa kipimo cha pH. Nywele na ngozi ya kichwa hukaa salama kati ya 4.5 na 5.5. Rilaksa hufika 12 na kupita, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya iliyotangulia. Nchini Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town akiwemo Profesa Nonhlanhla Khumalo walizipima rilaksa zinazouzwa madukani, zikiwemo zinazotangazwa kuwa za watoto. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, rilaksa za aina zote mbili zilionekana kufikia kiwango kinachoweza kuunguza ngozi. Neno "no-lye" kwenye boksi, basi, halina maana ya upole. Miaka tisa kabla ya hapo, Khumalo na wenzake walikuwa wamechunguza asidi za amino katika nywele zenye dawa na kukuta sistini imepungua, hali inayolingana na nywele dhaifu zinazokatika kwa urahisi.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2007 jarida la kimataifa la madaktari wa ngozi lilichapisha utafiti wa Beatrice Etemesi kuhusu athari za rilaksa kwa wanawake wa mji wa Nakuru. Malalamiko ya wateja, ambayo kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa mambo ya kuongelewa saluni tu, yaliingia katika kumbukumbu za kitabibu.

Wanawake wa Ukambani wanaosuka vyondo wanaijua tabia ya nyuzi kuliko watu wengi. Uzi wa mkonge ukichakaa kwa kuchemshwa na kutiwa rangi kupita kiasi, hauponi. Hukatwa na kuwekwa mwingine. Unywele ni vivyo hivyo. Sehemu iliyo hai iko chini ya ngozi, na kinachoonekana nje hakina uwezo wa kujitibu. Kila dawa inayopita juu yake huacha hesabu yake pale pale, mpaka siku ya mkasi.

Vumbuzi mbili zilizokutana kichwani

Historia ya dawa na ya rangi zilianza karibu wakati mmoja, mbali kabisa na zilipokuja kukutana. Mwaka 1907 mkemia kijana wa Ufaransa, Eugène Schueller, alitengeneza rangi ya nywele na kuwauzia wasusi wa Paris. Miaka miwili baadaye alianzisha kampuni ambayo leo inaitwa L'Oréal. Takriban miaka hiyo hiyo, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, Garrett Morgan, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa akitafuta maji ya kupunguza joto la sindano za cherehani. Inasimuliwa kwamba aliyafuta maji hayo kwenye kitambaa cha sufu, akaona manyoya yamenyooka, akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa nywele zake mwenyewe. Akafungua kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele. Mwaka 1954 George Johnson wa Chicago akaanza kuuza Ultra Wave, rilaksa ya wanaume, na biashara ya dawa ikapanuka hadi kuingia majumbani.

Schueller alitengeneza rangi yake kwa nywele za wateja wa Paris. Morgan na Johnson walitengeneza dawa zao kwa nywele nyeusi ambazo hazikuwa na kemikali nyingine. Hakuna kati yao aliyekuwa anafikiria kichwa kimoja kikibeba vyote viwili. Leo soko limeviunganisha: mwaka 2013 L'Oréal ilinunua bidhaa za urembo za Interconsumer Products, kampuni ya Mkenya Paul Kinuthia iliyojulikana kwa chapa ya Nice & Lovely, na rafu moja ya duka la vipodozi popote Kenya huwa na rilaksa upande huu na rangi upande ule. Duka linaziweka pamoja. Kemia haikuziweka pamoja.

Rangi inayoongeza na rangi inayotoa

Mteja husema "rangi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa nywele zenye dawa, tofauti kubwa kuliko zote ni hii: kuna rangi zinazoongeza kitu juu ya unywele, na kuna zinazotoa kitu ndani yake.

Rangi ya muda, ile isiyochanganywa na peroksaidi, huongeza tu. Chembe zake hukaa juu ya magamba au kuingia kidogo chini yake, na hufifia kwa kuoshwa mara kadhaa. Haiwezi kuzifanya nywele nyeusi ziwe za kahawia isiyokolea, lakini inaweza kuzipa mng'ao wa zambarau au wekundu wa divai unaoonekana juani. Haigusi vifungo. Nywele zilizotiwa dawa huinywa rangi hii vizuri, kwa sababu magamba yake tayari yamefunguka.

Rangi ya kudumu hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Amonia, au kemikali nyingine ya jamii hiyo, huyainua magamba. Haidrojeni peroksaidi huingia ndani, hupunguza melanini, na wakati huo huo huunganisha chembe ndogo za rangi ziwe kubwa zisiweze kutoka tena. Nguvu ya peroksaidi huandikwa kwenye chupa: namba 10 ni asilimia 3, namba 20 ni asilimia 6, namba 30 ni asilimia 9, na namba 40 ni asilimia 12. Kwa mtu anayefunika mvi kwa rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, 10 inatosha mara nyingi, na 20 ndiyo mwisho. Hakuna sababu ya 30 wala 40 kugusa nywele zenye dawa.

Kisha kuna blichi. Hii haina rangi ya kuongeza. Kazi yake ni kuiharibu melanini. Nywele nyeusi kabisa zinahitaji kupandishwa ngazi nyingi kabla ya kufikia dhahabu, na njia nzima hulipiwa na vile vile vifungo vya salfa ambavyo rilaksa ilikwisha kuvipunguza. Clarence Robbins, mkemia Mmarekani aliyeandika kitabu kinachotegemewa sana kuhusu nywele za binadamu, anaeleza kwamba kupausha kwa kawaida huvunja kati ya asilimia 15 na 25 ya vifungo hivyo, na kupausha kukali hufika asilimia 45. Msomaji na ajumlishe mwenyewe. Theluthi ilikwenda na dawa. Robo au zaidi inakwenda na blichi. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa kustahimili kitana, draya, kilemba na usingizi wa usiku.

Rangi za unga zinazouzwa kwa pakiti ndogo zinahitaji neno lake, kwa sababu watu wengi huzihesabu kuwa nyepesi. Bigen ya unga, inayotengenezwa na kampuni ya Hoyu ya Japani, huchanganywa na maji tu, na mtu akaona haina peroksaidi. Lakini unga wenyewe una sodiamu paborati, ambayo ikikutana na maji hutoa peroksaidi. Ni rangi ya kudumu kwa kila maana. Haipandishi wepesi wa rangi, na hilo ni jambo jema kwa nywele zenye dawa, lakini haipaswi kupakwa siku ya dawa kwa kudhani ni maji na unga tu.

Na hina je? Barabara inayopita Mwingi inaendelea hadi Garissa, ambako wazee wa Kisomali hupaka ndevu zao hina, na pwani ya Mombasa na Lamu hina ni sehemu ya kila harusi. Hina safi, majani ya mhina yaliyosagwa bila kuongezwa chochote, haivunji vifungo. Hushikamana na keratini na kuacha wekundu wa machungwa, ambao kwenye nywele nyeusi huonekana kidogo tu na kwenye mvi huonekana wazi. Shida iko kwenye hina zilizochanganywa. Baadhi huwa na chumvi za metali, na chumvi hizo zikikutana baadaye na peroksaidi huweza kupasha nywele joto na kuzivunja. "Hina nyeusi" haitoki kwenye mti wowote. Weusi wake mara nyingi ni PPD, kemikali ile ile ya rangi nyeusi za kudumu, ambayo ndiyo pia hutumika kwa piko la maharusi.

Maji ya Nuu

Vitabu vingi vya urembo huandikwa kwa msomaji mwenye bomba la maji moto. Nuu ni nchi kavu chini ya milima yake, yenye mito ya msimu, na sehemu kubwa ya Kitui hutegemea visima vya kuchimbwa, mabwawa ya mchanga na maji yanayobebwa na punda kwa mitungi ya lita 20. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za kaunti hiyo yana chumvi. Jambo hili linaonekana la pembeni, kumbe liko katikati kabisa ya uamuzi.

Kwanza, kiasi. Dawa isiyooshwa ikaisha huendelea kufanya kazi. Kuitoa kunahitaji maji mengi yanayotiririka, kisha shampuu ya kunyutralaiza itumike zaidi ya mara moja, hasa ile inayobadilisha povu lake rangi pale dawa ikiwa bado imo. Maji yakiwa machache, kishawishi ni kusuuza haraka na kuyaokoa ya mteja anayefuata. Kumwekea mtu huyo rangi ya kudumu siku hiyo hiyo ni kuongezea kemikali ya pili juu ya ile ambayo haijaondoka.

Pili, chumvi. Rilaksa ya boksi, inapofanya kazi, huacha kalsiamu kabonati kwenye nywele, ambayo kimsingi ni chokaa. Maji ya kisima yenye madini huongeza tabaka lake juu. Nywele zinakuwa ngumu, hazing'ai, na rangi inashika kwa mabaka: hapa imekolea, pale imekataa. Mteja huilaumu rangi. Kosa liko kwenye tabaka.

Dawa ya tatizo hili haina gharama kubwa. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa la mabati hayana madini hayo, na saluni yenye tangi dogo inaweza kuyatunza kwa ajili ya suuzo la mwisho tu. Vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji husaidia kuyalegeza mabaki na kuyateremsha magamba. Shampuu za kuondoa madini, zilizo na EDTA kwenye orodha ya viungo, hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi, na zitumike siku chache kabla ya rangi.

Maswali kabla ya kukaa kitini

Msusi mwenye ujuzi hutumia dakika kumi za kwanza kuuliza. Dawa ya mwisho iliwekwa lini? Ni ya mkebe au ya boksi? Je, mteja amewahi kuwekewa kali kiti, ile dawa ya mawimbi iliyotamba miaka ya 1970 na 1980? Swali hilo la mwisho si la udaku. Dawa ya mawimbi hutumia thaiogilikoleti, na rilaksa ya haidroksaidi haielewani nayo kabisa. Zikikutana kwenye unywele mmoja, nywele hukatika bila hata rangi kuguswa. Je, amepaka hina, kanta au rangi nyingine yoyote mwaka huu? Kuna vidonda, mba mkali au mahali panapowasha?

Jibu la vidonda likiwa ndiyo, kazi isimame hapo hapo. Ngozi iliyochubuka hupitisha kemikali.

Baada ya maswali ni zamu ya vidole. Unywele mmoja uliolowanishwa huvutwa taratibu. Ulio na afya hurefuka kwa karibu theluthi ya urefu wake na kurudi. Ukirefuka bila kurudi, ukawa kama utomvu, kiini kimechoka. Ukikatika papo hapo, umekauka na hauna cha kutoa. Katika hali zote mbili, rangi ya kudumu iahirishwe. Kisha ncha zichunguzwe peke yake, kwa sababu ncha ni nzee. Nywele hukua takriban sentimita 1.25 kwa mwezi; ncha ya unywele wa sentimita 30 ina miaka miwili, na kama msusi hakuwa mwangalifu, imeguswa na dawa kila ritachi.

Majaribio mawili yasiyorukwa

La kwanza ni la shungi. Msusi hukata nywele chache kutoka kisogoni, mahali pasipoonekana, huzifunga kwa uzi, huzipaka rangi iliyokusudiwa kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye pakiti, huziosha, huzikausha, kisha huzivuta. Shungi hilo dogo linaeleza yote: kama rangi itashika, itashika vipi, na kama nywele zitastahimili. Pia linafichua chumvi za metali ambazo mteja hakujua kuwa anazo. Ni afadhali shungi moja likatike kwenye meza kuliko kichwa kizima kwenye beseni.

La pili ni la ngozi. Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, zina PPD, na PPD ni miongoni mwa kemikali zinazojulikana sana kwa kusababisha mzio. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mizio ya ngozi kiliitaja kuwa kizio cha mwaka. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika rangi inapokuwa tayari kupakwa kichwani. Tone dogo hupakwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na kuachwa kwa saa 48. Kuwasha, kuvimba au malengelenge ni jibu tosha. Aliyewahi kuvimba kwa piko asiguse kabisa rangi yenye PPD, kwa sababu mwili hukumbuka, na mara ya pili huwa kali zaidi.

Saa 48 zinamaanisha mteja arudi siku nyingine. Kwa mtu anayetoka kijijini kwa pikipiki hiyo ni nauli ya pili, na ndiyo sababu jaribio hili huachwa. Njia ipo: aje kufanyiwa majaribio siku ya soko wakati ana shughuli nyingine, au afanyiwe siku ya ritachi akisubiri rangi wiki mbili baadaye. Nauli moja inahudumia mambo mawili.

Dawa kwanza, rangi baadaye

Mpangilio una maana. Dawa ikija baada ya rangi, ukali wake huifua rangi na kuunguza nywele zilizokwisha kufunguliwa na peroksaidi. Kwa hiyo dawa hutangulia, na rangi ya kudumu husubiri angalau wiki mbili, huku nywele zikioshwa na kutiwa tritimenti kila wiki. Ya protini huupa unywele egemeo la muda, ya unyevu huuzuia usiwe mkavu. Zote mbili zinahitajika, na hakuna inayorudisha vifungo vilivyokwenda. Rangi ya muda isiyo na peroksaidi inaweza kupakwa mapema zaidi, ikiwa maelekezo ya pakiti yanaruhusu na ngozi haina mchubuko.

Ritachi nayo iwekwe kwenye nywele mpya tu. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili kuna kati ya sentimita mbili na nne za nywele mpya, na hapo ndipo dawa inapohusika. Zile za zamani zipakwe mafuta ya mgando zisiguswe. Kanuni hiyo hiyo ifuatwe kwenye rangi ya kufunika mvi: mizizi ndiyo ipakwe, urefu ubaki na rangi iliyokwishapata.

Anayeanza kwa ritachi ya mwanzo wa Novemba anaweza kupaka rangi mwishoni mwa mwezi huo, na Krismasi ikamkuta nywele zake zimetulia. Anayekuja Desemba 23 akitaka vyote viwili amechelewa, na msusi anayemwambia hivyo anamtendea wema.

Huyo wa Desemba 23 hana haja ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Rasta za kusukia zina rangi zake kwa namba ambazo kila msusi Kenya anazijua: 1 nyeusi, 4 kahawia, 27 ya asali, 33 ya kahawia nyekundu, 350 ya shaba, na 613 ya dhahabu. Hapo anapata dhahabu yote anayoitaka bila tone la blichi. Sharti ni moja. Utafiti wa Khumalo wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mvutano wa kusuka juu ya nywele zenye dawa huongeza hatari ya upaa wa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo misuko isikazwe, isiwe mizito, na isiwekwe mara tu baada ya dawa.

Yanayozidi nywele

Uamuzi huu hauhusu nywele peke yake. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uitwao Sister Study umefuatilia afya ya wanawake kwa miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti wake waliripoti uhusiano kati ya rangi za kudumu na saratani ya matiti, wenye nguvu zaidi kwa wanawake weusi. Mwaka 2022, wakiwa wamechambua taarifa za wanawake zaidi ya 33,000, waliripoti kuhusu dawa za kunyoosha na saratani ya mfuko wa uzazi: kwa wasiotumia, makadirio ya kupata ugonjwa huo kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne katika mwaka, asilimia 4.05. Tafiti hizo zinaonyesha uhusiano, hazijathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na idadi kubwa ya watumiaji hawapati ugonjwa huo. Lakini mwanamke anayeamua ana haki ya kuzijua takwimu hizo, na zinatosha kumfanya atenganishe ritachi zake na apunguze idadi ya rangi za kudumu kwa mwaka.

Upande wa saluni una wajibu wake pia. Glavu zivaliwe, madirisha yafunguliwe, na bidhaa ziwe na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ambayo haijapita. Mafunzo nayo yanapatikana: mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya daraja kwa wasusi waliojifunzia kazi kazini, na cheti hicho ukutani ni kitu ambacho mteja anaweza kukiulizia bila aibu. Daftari la kawaida lenye jina la mteja, tarehe ya dawa, aina yake, rangi na namba ya peroksaidi linaokoa nywele nyingi kuliko tritimenti ya bei ghali, kwa sababu mteja husahau na msusi huhama.

Hukumu basi ni hii. Mwenye nywele za dawa zilizopita jaribio la kuvuta na la shungi anaweza kupaka rangi ya muda, hina safi, au rangi ya kudumu iliyokolea kwa peroksaidi ya 10 au 20, wiki mbili baada ya dawa na kwa maji ya kutosha. Anayetaka dhahabu au asali kwenye nywele zake mwenyewe achague moja kati ya dawa na blichi: aache ritachi, afuge nywele mpya ambazo kwa mwaka hufika takriban sentimita 15, azikate zile za dawa, kisha ndipo apaushe. Na nyinyi wasusi wa Nuu, Mwingi na Kitui yote, mteja akisema anataka vyote viwili leo, mwambieni hapana, mpeni tarehe ya kurudi, na iandikeni daftarini.